Umefunga alternata kubwa? Hivi ndivyo unavyopiga hesabu ya fyuzi na kebo yake

Swali hili naulizwa karibu kila wiki, hapa Malindi na hata na wenye magari kule Mokowe. Fundi, nimepata alternata ya ampia 130 ex-Japan, ya mwanzo ilikuwa 70, imekaa vizuri na inachaji, sasa fyuzi niweke ya ngapi? Mwingine anauliza kwani nikiacha fyuzi ya kampuni kuna ubaya gani. Na kuna wa tatu, huyu ndiye ananinyima usingizi, yeye haulizi chochote, fyuzi imemkatikia mara mbili akachoka, akakata kipande cha shaba akakifunga pale kwa bolti, gari ikawaka, akaendelea na safari zake.

Hiace moja ya kupeleka wageni Tsavo ililetwa kwangu imevutwa kutoka njia ya Kakoneni kwenda Sala Gate. Nikafungua boneti. Kebo ya alternata ilikuwa imesuguana na breketi mpaka ganda likaisha, shaba ikagusa bodi. Ganda lote limeyeyuka kuanzia alternata mpaka kwenye betri, limeganda juu ya paipu ya breki kama lami, na waya za sensa zilizopita karibu nazo zimeungana zikawa kitu kimoja. Na pale pa fyuzi, kile kipande cha shaba kilikuwa kizima kabisa, kinang'aa, hata hakijabadilika rangi. Wageni walishuka salama alhamdulillahi, lakini ile picha ya kipande kinachong'aa katikati ya kila kitu kilichoungua haijanitoka, ndio maana nimekaa leo niandike yote pamoja.

Mwongozo huu ni wa gari za volti 12. Lori na basi za volti 24 hesabu ya ampia ni hiyo hiyo ila angalia volti iliyoandikwa kwenye fyuzi, nyingi ni 32, tafuta iliyozidi hapo.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Namba ya ampia ya alternata mpya, iwe umeisoma mwenyewe, sio kuambiwa na muuza spea
- Maltimita nzuri, na ukipata klampu mita (ile ya kuzungushia kebo bila kuikata) ya kupima DC, yaani umeme wa betri, bora zaidi (nyingi za bei rahisi zinapima AC peke yake, yaani umeme wa nyumba, hizo hazitakusaidia hapa)
- Kebo ya shaba tupu, laini, ya nyuzi nyingi, kama ile ya kuchomelea
- Lagi, vile vichwa vya shaba vya kubana mwishoni mwa kebo, za saizi ya kebo yako, zenye tundu linalolingana na bolti
- Mashini ya kubana lagi, ya haidroliki au ile ya kugonga kwa nyundo, kama huna azima
- Fyuzi ya kufunga kwa bolti pamoja na kikalio chake chenye kifuniko
- Mpira wa kubana kwa moto, ule wenye gundi ndani
- Flexi ya kufunika kebo, klipu, na raba za kupitishia waya kwenye bati
- Spana, brashi ya waya, msasa, na grisi kidogo au vaselini

Kitu kimoja cha kuelewa, halafu tunaingia kazini

Fyuzi hailindi alternata. Inalinda kebo. Na moto hautoki kwenye alternata, unatoka kwenye betri. Alternata ya ampia 130 hata ukiipigisha shoti haitoi nyingi zaidi ya uwezo wake, imeumbwa hivyo, lakini betri ya gari ikipata shoti inamwaga mamia ya ampia papo hapo, na ile kebo inayotoka kwenye betri kwenda alternata iko hai saa zote hata gari ikiwa imezimwa usiku uani. Kwa hivyo mpangilio ni huu na usiugeuze: alternata inachagua fyuzi, fyuzi inachagua kebo. Fyuzi iwe kubwa kuliko ampia za alternata na ndogo kuliko uwezo wa kebo. Wengi wanaanzia mwisho, wananunua kebo iliyoko dukani halafu wanalazimisha fyuzi, hapo ndipo mambo huharibika.

Hatua

1. Soma ampia halisi za alternata. Kuna kibandiko au namba zilizogongwa kwenye bodi yake, kama 12V 130A. Kama kibandiko kimefutika tafuta namba ya spea uangalie mtandaoni. Usikadirie kwa ukubwa wa macho, alternata mbili zinaweza kufanana kabisa kwa nje moja ikawa 80 na nyingine 130. Na kama gari yako ni dizeli ya zamani, zile za 2L, 3L na 5L, kumbuka alternata yake imebeba pampu ya vakyumu ya breki kule nyuma, ukileta isiyo na pampu umejinyima breki. Hilo ni kubwa kuliko mambo yote ya fyuzi, kwa hivyo lithibitishe kwanza.

2. Tafuta fyuzi ya kampuni na kebo yake. Kwenye Toyota nyingi iko kwenye boksi la fyuzi karibu na betri, imeandikwa ALT, na namba kama 100A au 120A. Kebo ya zamani ilichaguliwa kwa ajili ya fyuzi ile na alternata ile ya mwanzo. Kwa hivyo kosa la kwanza ambalo nakuomba usilifanye ni kutoa ya 100 na kuweka ya 200 kwenye kebo ile ile, manake sasa kebo itaungua kabla fyuzi haijajua kuna shida.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha kebo yote na fyuzi yake. Ya pili, ambayo mimi naipenda zaidi, ni kuacha mambo ya kampuni yalivyo na kuongeza kebo mpya kutoka kwenye nati ya B+ ya alternata (ile chanya inayotoa chaji) moja kwa moja mpaka betri, na fyuzi yake yenyewe. Kwa Toyota hii ni rahisi sababu boksi la fyuzi linategemea ile ALT kulisha vitu vingine vya gari. Ila ukifuata njia ya pili jua kwamba kebo ya zamani sasa inalishwa pande zote mbili, upande mmoja kupitia ALT na upande wa pili kupitia kebo yako mpya pale B+, kwa hivyo ikipata shoti fyuzi ya ALT peke yake haitoshi kuizima. Ikague yote, ivike flexi mpya, na kama ganda limekauka au kupasuka ibadilishe kabisa.

3. Piga hesabu ya fyuzi. Chukua ampia za alternata uzidishe kwa 1.25, halafu panda mpaka saizi ya karibu inayouzwa. Mbona tusiweke 130 kwa 130? Sababu fyuzi haipendi kubeba mzigo wake kamili muda mrefu, hasa kwenye joto la chini ya boneti, na mwezi wa pili na wa tatu hapa kwetu, kaskazi ikipiga na gari imesimama inasubiri feri au abiria na AC iko wazi, joto lile unalijua. Fyuzi inachoka, inakatika bila shoti yoyote.

Kwa mfano:
- Alternata 80: 80 × 1.25 = 100, weka fyuzi ya 100
- Alternata 100: 125, weka ya 125
- Alternata 130: 162.5, weka ya 175
- Alternata 150: 187.5, weka ya 200
- Alternata 180: weka ya 225

Sasa, kwa nini nasisitiza fyuzi isikatike hovyo? Watu wanadhani ikikatika ni kukosa chaji tu. La. Ikikatika injini ikiwa inakimbia na alternata imebeba mzigo mkubwa, ule umeme ghafla hauna betri ya kuumeza, volti zinaruka, zinaweza kupita 40 na kwenda juu zaidi kwa sehemu ndogo ya sekunde. Hiyo inatosha kuua redio, kompyuta ya injini, na daiodi za alternata yenyewe. Ndio maana pia ile tabia ya kung'oa terminali ya betri gari ikiwa inanguruma eti unapima kama alternata inachaji, achana nayo kabisa, ilifaa magari ya babu zetu yasiyokuwa na kompyuta.

4. Chagua kebo kwa namba ya fyuzi, sio kwa namba ya alternata. Mimi hutumia viwango hivi vya chini kidogo, kwa kebo ya shaba inayopita kwenye joto la injini:

- milimita 16 za mraba: mpaka ampia 100
- 25: mpaka 140
- 35: mpaka 180
- 50: mpaka 230
- 70: mpaka 290

Kwa hivyo ile alternata ya 130 yenye fyuzi ya 175 inataka kebo ya 35. Ukizunguka maduka ukakosa fyuzi ya 175 na iliyoko ni 200, usijiambie "si tofauti ni ndogo", panda kebo mpaka 50. Namba ya fyuzi ikipanda kebo nayo inapanda.

Na jihadhari na kebo feki, hili nalisema kwa uchungu sababu nimerudishiwa kazi kwa ajili yake. Kuna kebo nene nzuri kwa nje, ukikata ndani unakuta ganda nene na shaba kidogo, au sio shaba kabisa, ni alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Kwangua uzi mmoja kwa wembe, ukitoa weupe ndani mrudishie mwenyewe. Halafu hesabu. Kebo ya kweli ya 35 yenye nyuzi za unene wa milimita 0.4 inatakiwa iwe na nyuzi kama 280, na yenye nyuzi za 0.2 iwe na kama 1,100. Huna haja ya kuhesabu zote, gawanya robo, hesabu robo hiyo, zidisha kwa nne. Muuzaji atakuangalia vibaya, mwache akuangalie.

5. Angalia urefu. Kebo ikiwa ndefu volti zinapotea njiani. Hesabu yake: 0.0175 × urefu kwa mita ÷ milimita za mraba za kebo × ampia. Tuseme betri iko chini ya kiti na kebo ni mita 3. Kwa kebo ya 25 na ampia 130 unapoteza volti 0.27. Kwa 35 unapoteza 0.2. Kwa kebo ya mita moja na nusu haina haja ya kuumiza kichwa, ya kubeba fyuzi yako inatosha.

6. Chagua aina ya fyuzi na mahali pa kuiweka. Tumia fyuzi ya kufunga kwa bolti, kama MEGA, yenye namba iliyogongwa na kampuni inayojulikana. Fyuzi za dhahabu dhahabu za mziki zinazouzwa bila jina sizitumii, na sakiti breka zile za kitufe chekundu hapa pwani chumvi inaziingia ndani zinaanza kupata moto zenyewe. Breka ya nyumba, ile ya ukutani, haihusiki na gari hata kidogo.

Fyuzi ikae karibu na betri, sentimita 20 au chini ya hapo kutoka terminali chanya. Kwa nini betri na sio alternata? Rudi kwenye maelezo ya mwanzo, hatari inatoka betri. Ukiiweka upande wa alternata, kebo yote katikati haina ulinzi, ni kama kufunga lango la ndani na kuacha la barabarani wazi. Iwe mbali na manifoldi ya ekzosi, na kifuniko kiwe kinafunika vizuri.

Na usitegemee fyuzi kukatika haraka kila mara. Ya 175 ikipitishwa ampia 235 hivi inaweza kukaa dakika mbili, inaweza kukaa hata nusu saa, ikipitishwa 350 ndio inakatika ndani ya sekunde chache. Muda wote huo kebo iwe na uwezo wa kuvumilia, ndio sababu kebo kubwa sio anasa.

7. Toa terminali hasi ya betri, ndio uanze kugusa. Hasi kwanza, na kurudisha iwe ya mwisho. Spana ikigusa B+ na bodi kwa pamoja utaona mwenyewe cheche zake. Pitisha kebo mbali na ekzosi, mbali na fanbelti, na kila inapopita kwenye bati weka raba. Ivike flexi mwanzo mpaka mwisho. Ifunge kwa klipu kila sentimita 30 hivi lakini upande wa alternata acha kebo ilegee kidogo, injini inatikisika na bodi haitikisiki, ikikazwa sana itakatika kwenye lagi.

8. Bana lagi. Vua ganda kiasi cha urefu wa shingo ya lagi tu, ingiza nyuzi zote, bana kwa mashini, halafu vuta kwa nguvu zako zote. Ikitoka ni afadhali itoke mkononi mwako. Usibane kwa pleya, na usitegemee solda peke yake, fundo likipata moto solda inalainika na kebo inachomoka. Kisha vika mpira wenye gundi uupashe moto mpaka gundi itokeze pembeni. Hili la gundi kwa Malindi, Watamu na Lamu sio urembo, hewa yetu ina chumvi, inapanda ndani ya kebo taratibu na shaba inageuka kijani chini ya ganda hata huoni. Mafundi wa boti za kuvulia wanajua sana hili, ukiweza kupata kwao kebo yenye nyuzi zilizopakwa bati, chukua hiyo.

Kwenye fyuzi, lagi ikae uso kwa uso na fyuzi. Washa, kile kibati cha duara chenye tundu, iwe juu, chini ya nati, isiingie katikati ya lagi na fyuzi. Nimeona fyuzi nzuri zikiungua kikalio kwa sababu ya washa moja ya chuma tu.

9. Usisahau athi, yaani kebo za upande wa hasi. Umeme unaotoka unarudi. Ukiweka kebo ya 35 upande wa chanya na ukaacha athi ya zamani nyembamba, umejenga barabara ya kwenda bila ya kurudi. Weka kebo ya saizi ile ile kutoka injini kwenda hasi ya betri, na nyingine kutoka hasi kwenda bodi. Pale kwenye bodi kwangua rangi mpaka chuma king'ae, funga, kisha paka grisi juu.

10. Washa upime. Rudisha terminali, washa injini ifike mizunguko 2,000 hivi kwa dakika, washa taa zote, feni, AC, na friji ya wageni kama ipo. Pima vitu vitatu:
- Volti kwenye betri: 13.8 mpaka 14.7
- Mkono mmoja wa mita kwenye B+ na mwingine kwenye chanya ya betri: isizidi 0.3
- Mkono mmoja kwenye bodi ya alternata na mwingine kwenye hasi ya betri: isizidi 0.2

Acha dakika ishirini, zima, halafu gusa kila lagi na kikalio cha fyuzi kwa mgongo wa mkono. Vuguvugu sawa. Kama unautoa mkono haraka, fundo hilo limefungwa vibaya, lifungue ulirudie.

Ikileta shida

*Fyuzi inakatika na hakuna shoti.* Kwanza angalia kama kikalio kimepata moto, fundo lililolegea linapasha fyuzi mpaka ikatike kabla ya wakati. Kama fundo ni zuri, soma tena namba ya alternata, huenda ni kubwa kuliko ulivyoambiwa. Betri iliyolala kabisa nayo inavuta ampia nyingi kwa muda mrefu, ichaji nje kwanza. Usipande fyuzi kabla ya kupanda kebo.

*Fyuzi inakatika pale pale unaporudisha terminali ya betri.* Hiyo ni shoti, au daiodi za alternata zimekufa. Toa kebo kwenye B+, ifunge kwa mpira isiguse kitu, jaribu fyuzi nyingine. Ikikaa, shida ni alternata, au kebo ya zamani kama ulifuata njia ya pili. Ikikatika tena, kebo imegusa bodi mahali.

*Ya kampuni, ile ALT, inakatika lakini mpya ni nzima.* Pima kebo mpya kwanza, kama ina fundo baya umeme wote unakimbilia njia ya zamani.

*Volti ziko chini ukiwasha mizigo lakini hakuna kinachopata moto.* Sikiliza fanbelti, ikilia au ikinuka raba inateleza, alternata kubwa ni nzito kuzungusha. Na gari ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyaga mafuta, alternata yoyote haitoi ampia zake zote, 130 ile ni ya mwendo mkubwa.

*Taa zinapanda na kushuka, na upande wa chanya umeshapima uko sawa.* Athi. Karibu kila mara ni athi.

*Ilikuwa sawa miezi sita, sasa chaji imeanza kupungua.* Fungua kifuniko cha fyuzi utafute unga wa kijani. Gari inayolala karibu na bahari ifunguliwe kila msimu wa kusi ukiisha, isuguliwe kwa brashi ya waya, ikazwe tena na kupakwa vaselini, na lagi iliyovimba chini ya mpira ikatwe na kubanwa mpya, usiisugue juu juu ukairudisha.